Kadi ya Fedha Ina Kilo Ngapi?

Kwenye kaunta ya ndege, mizani ndiyo inayosema ukweli kuhusu kadi yako. Abiria wa Emirates mwenye kadi ya fedha, yaani Silver, huongezewa kilo 12 juu ya mzigo ulioandikwa kwenye tiketi yake, katika njia ambazo mzigo hupimwa kwa uzito. Wa dhahabu huongezewa 16, wa platinamu 20. Kwa anayerudi Dar es Salaam kutoka Dubai na blauzi za kuuza Kariakoo, kilo 12 ni begi zima la ziada ambalo mwenzake mwenye kadi ya buluu, ile ya kuanzia, analilipia, au analiacha nyuma, au anaanza kulifungua hapo hapo sakafuni huku foleni nzima ikimwangalia akivaa makoti mawili.

Matangazo ya mashirika ya ndege hayaanzi na mizani. Yanaanza na picha ya launji: kiti cha ngozi, glasi ya juisi, mtu aliyetulia na kompyuta yake. Ndiyo maana watu wengi wanaofikia ngazi ya kati, ile ya fedha au ya dhahabu, huishia kuringia kadi badala ya kuitumia. Wanajua kwamba wanayo. Hawajui inafanya kazi wapi, inakoma wapi, wala iwapo maili zao zingeenda kwenye kadi nyingine wangekuwa mbali zaidi. Makala haya ni kwa ajili yao, na kwa ajili ya yule anayesafiri mara nne au tano kwa mwaka na bado anaandikiwa “mwanachama wa kawaida”.

Tuanze na namna mambo haya yalivyofika hapa, kwa kifupi. Mwezi Mei 1981 American Airlines ya Marekani ilianzisha AAdvantage, mpango wa kumhesabia abiria maili alizoruka na kumrudishia kwa tiketi ya bure. United ikafuata mwezi huohuo, na wengine nyuma yao. Ngazi za hadhi zilikuja baadaye, mashirika yalipogundua kwamba tiketi ya bure humfurahisha mtu mara moja, lakini foleni fupi humfunga mwaka mzima. Kisha yakaja makundi: Star Alliance mwaka 1997, oneworld mwaka 1999, SkyTeam mwaka 2000. Kwetu, Kenya Airways ilikuwa shirika la kwanza la Afrika kuwa mwanachama kamili wa SkyTeam, mwaka 2010, na Ethiopian iliingia Star Alliance Desemba 2011. Qatar Airways iko oneworld tangu 2013, na mwaka 2025 Oman Air nayo ikaingia humo. Emirates haimo katika kundi lolote. Air Tanzania na RwandAir pia hazimo.

Mipango hii si zawadi ya huruma. Mwaka 2020, ndege zilipokuwa zimeegeshwa kwa sababu ya korona, Delta ya Marekani ilikopa dola bilioni 9 kwa kuweka rehani mpango wake wa SkyMiles. Mwenye mali anayeweza kukopa kiasi hicho kwa daftari la wateja wake anajua hasa thamani ya kila jina lililomo. Nawe ujue ya kwako.

Jambo la kwanza ambalo wengi hukosea ni kuchagua kadi kwa bendera. Mtanzania anayepanda Ethiopian anajiunga na ShebaMiles ya Ethiopian, anayepanda Turkish anajiunga na Miles&Smiles, anayepanda KLM anajiunga na Flying Blue, na mwisho wa mwaka ana kadi tano zenye maili elfu saba saba, zote za ngazi ya chini. Kadi moja ingembeba. Maana ya kundi ni kwamba unaweza kupanda ndege ya shirika moja na kuandikisha maili kwa shirika lingine la kundi hilohilo. Abiria wa Ethiopian anaweza kuweka maili zake Turkish, maana yote mawili yako Star Alliance. Abiria wa Kenya Airways, ambayo sasa ina mpango wake wenyewe uitwao Asante Rewards, anaweza kuziweka Flying Blue ya Air France na KLM, maana wote ni SkyTeam.

Kwa nini umpe mgeni maili zako? Kwa sababu malango hayana urefu mmoja. Miles&Smiles ya Turkish inampa mtu kadi ya Elite akifikisha maili 40,000 za hadhi ndani ya miezi 12, na kadi hiyo hudumu miaka miwili. Elite ya Turkish ndiyo dhahabu ya Star Alliance nzima, yaani inaheshimiwa Addis Ababa, Frankfurt, Cairo na Johannesburg kana kwamba ni ya shirika lenyewe. Emirates nayo inadai maili za ngazi 50,000 au safari 50 kwa dhahabu yake, ambayo ukitoka nje ya Emirates na flydubai haikupi heshima ya kundi lolote, kwa kuwa kundi halipo.

Hapo ndipo penye siri ambayo watu wa mashirika hawaitangazi kwa sauti: fedha ya kundi moja si fedha ya kundi jingine. Ndani ya Star Alliance, fedha ni karibu na bure ukiwa nje ya shirika lako. Inachokupa ni kutangulizwa kwenye orodha ya wanaosubiri nafasi, basi. Hakuna launji, hakuna begi la ziada, hakuna foleni fupi iliyoahidiwa na kundi. Ukivuka na kuingia dhahabu, mlango unafunguka kwa mkupuo: launji pamoja na mgeni mmoja anayesafiri nawe, kaunta ya haraka, kupanda ndege mapema, mabegi yako kutangulizwa, na kilo 20 za ziada au begi moja zaidi pale mzigo unapohesabiwa kwa idadi. Kati ya ngazi hizo mbili hakuna mteremko wa pole pole. Kuna ukuta. Kwa hiyo anayesafiri na Star Alliance na anaona mwaka wake utaishia fedha, asijitese kuifukuza. Ama apange kufika dhahabu, ama asahau.

SkyTeam ni tofauti kidogo. Fedha ya Flying Blue inakupa begi moja la ziada, kaunta ya haraka na kiti cha kawaida bila malipo, na kwenye tiketi za Air France na KLM unapata maili 6 kwa kila yuro badala ya 4 za mwanachama wa kawaida. Launji bado huna. Hiyo inaanza dhahabu. Oneworld nayo, fedha yake, ambayo ndani ya kundi huitwa Ruby, inakupeleka kwenye kaunta ya daraja la biashara hata kama tiketi yako ni ya kawaida, lakini launji ni ya ngazi inayofuata, Sapphire. Emirates imefanya lake: mwenye fedha anaingia launji ya daraja la biashara, ila Dubai tu, tena peke yake. Kwa mtu ambaye kila safari yake inapita Dubai, hilo linatosha. Kwa anayepita Dubai mara moja kwa mwaka, ni sahani moja ya wali na biriani ya bure kila miezi 12.

Sasa twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo pesa zinapopotea.

Kuna njia mbili kuu za kuhesabu hadhi. Njia ya zamani ni ya umbali: unaruka maili fulani, unaandikiwa maili hizo zikizidishwa na asilimia inayotokana na herufi ya tiketi yako. Herufi hiyo ndiyo balaa. Tiketi mbili za daraja la kawaida, viti vilivyo bega kwa bega, moja inaweza kuhesabiwa asilimia 100 na nyingine 50, au 25, au isihesabiwe kabisa. Ajenti hakuambii kwa sababu hukumuuliza.

Mchukue mfanyabiashara anayetoka Dar es Salaam kwenda Guangzhou kupitia Addis Ababa. Dar hadi Addis ni karibu maili 1,100, Addis hadi Guangzhou karibu 5,000. Kwenda na kurudi ni kama 12,200. Akinunua tiketi inayohesabiwa kamili na kuweka maili zake Miles&Smiles, safari tatu zinampa 36,600 na ya nne inamvusha 40,000 kwa raha. Akinunua tiketi ya nusu, safari nne zinampa 24,400 na atahitaji saba kufika dhahabu. Tofauti ya bei ya tiketi hizo mbili wakati mwingine ni ndogo kuliko bei ya kilo za ziada atakazolipia katika safari tatu za nyongeza. Wakati mwingine ni kubwa mno, na hapo nafuu ni kununua ya bei rahisi na kusahau kadi. Lakini afanye hesabu kwanza, aione kwenye karatasi, kabla ajenti hajakata tiketi. Jedwali la asilimia kwa kila herufi liko wazi kwenye tovuti ya mpango unaoweka maili, siyo ya ndege unayopanda. Watu hulisoma lile lisilo lao.

Njia ya pili ni ya pointi kwa kila ruko, na hapa Flying Blue ni mfano mzuri kuliko yote kwa msafiri wa Afrika Mashariki. Tangu Aprili 2018 wanahesabu pointi ziitwazo XP. Ruko la ndani ya nchi ni 2. Ruko la nchi hadi nchi lisilozidi maili 2,000 ni 5. Kati ya maili 2,000 na 3,500 ni 8, kutoka 3,500 hadi 5,000 ni 10, na zaidi ya hapo 12. Hizo ni za daraja la kawaida. Daraja la biashara huzidishwa mara tatu. Fedha inataka XP 100, dhahabu inataka 180 nyingine baada ya hapo, platinamu 300 nyingine.

Angalia kinachotokea. Dar es Salaam hadi Nairobi ni mwendo wa saa moja na kitu, na bado ni XP 5, sawasawa na ruko la saa nne. Mshauri wa miradi anayekwenda Nairobi na kurudi kwa Kenya Airways anapata XP 10 kwa kila safari. Safari kumi na kadi ya fedha iko mfukoni. Anayekwenda Dubai kwa Kenya Airways kupitia Nairobi anapata 5 na 8, yaani 13 kwa kwenda na 26 kwa kwenda na kurudi. Safari nne ni 104. Amevuka fedha na zile 4 zinabaki kuanzia mwaka unaofuata, kwa sababu XP zinazozidi hazifutwi, zinahamishwa.

Msafiri wa Ulaya naye ana la kuchagua. KLM kutoka Dar hadi Amsterdam bila kubadili ndege ni XP 10. Ukipitia Nairobi ni 15, kwa kuwa umeruka mara mbili. Kwa safari nne za kwenda na kurudi, wa kwanza ana 80 na hana kitu. Wa pili ana 120, ana fedha na akiba ya 20. Mimi kwa uvivu wangu ningependa kulala usingizi mmoja hadi Schiphol, lakini hesabu ni hesabu, na anayelala Nairobi saa tatu kwenye kiti cha chuma anajua anachokilipia. Na iwapo mwajiri anakulipia daraja la biashara, safari moja ya Dar, Nairobi, Amsterdam na kurudi ni XP 90. Wengi wa namna hiyo wangefikisha dhahabu, ila hawajaandika namba ya kadi kwenye tiketi hata moja.

Tahadhari moja: tiketi za bei ya chini kabisa za mashirika washirika huwa hazihesabiwi, na tiketi ya zawadi uliyoipata kwa maili haikuongezei XP. Na kuna ya pili, kubwa zaidi. Upepo wa dunia unaelekea kwenye pesa, siyo umbali. Mashirika makubwa ya Marekani yalibadilisha utoaji wa maili kufuata dola kati ya 2015 na 2016, na British Airways ikafanya hivyo kwa ngazi za hadhi kuanzia Aprili 2025. Anayetegemea ndege za njia ndefu kwa bei ndogo afaidi sasa hivi, asipange miaka mitano mbele.

Umeshapata kadi. Uitumie wapi?

Ya kwanza nimeshaitaja: mizigo. Kwa wafanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh na Kikuubo wanaofuata bidhaa Guangzhou, Istanbul na Dubai, na kwa familia za Muscat na London zinazorudi likizo na zawadi za ukoo mzima, hakuna faida nyingine ya ngazi ya kati inayofika hata nusu ya hii. Kilo 20 za dhahabu ya Star Alliance, kwenda na kurudi, mara nne kwa mwaka, ni kilo 160. Ziulizie bei kwenye kaunta yoyote uone. Lakini soma masharti ya tiketi nyepesi, zile zinazouzwa bila begi kabisa. Baadhi ya mashirika hayampi mwenye kadi begi la ziada juu ya tiketi isiyokuwa na begi la msingi. Na kwenye njia za Marekani na Kanada, ambako mzigo huhesabiwa kwa mabegi na siyo kwa kilo, ahadi ya kilo hubadilika sura. Uliza kabla ya kufunga sanduku.

Ya pili ni siku ya mkwamo, na nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndiyo faida isiyoonekana hadi itakapohitajika. Ndege imechelewa kutoka Dar, umefika kituo cha kuunganisha na ndege yako ya pili imeondoka. Mbele yako kuna watu sitini kwenye kaunta moja ya uhamisho, wahudumu wawili, na ndege inayofuata ina viti tisa. Viti hivyo havigawiwi kwa nani amefika kwanza kwenye kaunta. Mfumo wa shirika unapanga majina, na hadhi ni kigezo kimojawapo kikubwa. Hata fedha ya Star Alliance niliyoidharau hapo juu, hapa ina kazi yake, maana kutangulizwa kwenye kusubiri nafasi ndiyo ahadi yake. Mwenye dhahabu ana zaidi: ana kaunta nyingine ambayo haina watu sitini. Iko ndani ya launji. Msafiri mzoefu ndege ikikwama hasimami kwenye foleni ya chini. Anapanda launji na kumwona mhudumu wa pale, ambaye ana kompyuta ileile na watu watatu mbele yake. Akiwa njiani anapiga simu ya wateja wa ngazi yake, iliyoandikwa nyuma ya kadi au ndani ya programu ya simu. Atakayepatikana kwanza kati ya hao wawili ndiye atakayempa kiti.

Usichanganye fadhila na haki, hata hivyo. Ndege yoyote inayoondoka uwanja wa Umoja wa Ulaya iko chini ya kanuni namba 261 ya mwaka 2004. Ikifutwa au ikichelewa sana kwa sababu zilizo ndani ya uwezo wa shirika, fidia inaweza kufika yuro 600 kwa safari ndefu kama ya Amsterdam hadi Dar, na hiyo ni ya kila abiria, mwenye kadi na asiye nayo. Wapo wenye dhahabu wanaoridhishwa na vocha ya chakula na maneno matamu kwamba wao ni wateja wa heshima. Pokea vocha, kisha dai yuro zako.

Ya tatu ni kiti. Ngazi ya kati mara nyingi inakuruhusu kuchagua kiti mapema bila kulipa, au kwa punguzo. Kichague siku ileile unayopata tiketi. Kiti kizuri cha dirishani mbele hakimsubiri mwenye kadi anayekumbuka usiku wa safari.

Launji nimeiweka nyuma kwa makusudi. Ni nzuri. Bafu la Istanbul baada ya usiku wa ndege ni neema, na Nairobi, katika Pride Lounge ya Kenya Airways, mtu anapata chai ya maana na mahali pa kuchaji simu. Lakini msafiri anayekaa dakika 40 kati ya ndege na ndege haihitaji, na anayefika uwanjani saa nne mapema ili tu ale bure amebadilisha nusu siku yake kwa kipande cha keki. Launji ina thamani kamili kwenye mapito marefu: saa tano Addis, saa saba Doha, na hasa ukiwa na mtoto au mzazi mzee. Dhahabu ya Star Alliance inaruhusu mgeni mmoja. Mpeleke mama, wewe unaweza kukaa popote.

Kupandishwa daraja bure, ile ndoto ya kila mwenye kadi, tuimalize kwa sentensi mbili. Kwenye ndege za kimataifa zinazotoka kwetu, mwenye ngazi ya kati hupandishwa pale tu daraja la kawaida lilipouzwa kupita viti na shirika halina budi kuwasogeza wachache, na hapo platinamu watakuwa wameshatangulia. Usivae suti kwa ajili hiyo.

Kuna mambo madogo ya ofisini ambayo yanawaangusha watu wengi kuliko hesabu. Jina, kwa mfano. Sisi tuna majina matatu, mara nyingine manne, na fomu za mashirika ya ndege zinataka jina la kwanza na la ukoo. Ukijisajili kama Salum Ali na tiketi ikakatwa kwa jina la pasipoti lenye Bakari mwishoni, maili haziingii, na hakuna anayekupigia simu kukuarifu. Jisajili kwa jina la pasipoti, herufi kwa herufi. Namba yako ikaguliwe kwenye tiketi kabla ya kulipa, maana ajenti mwenye haraka anaweza kuacha nafasi hiyo wazi au akaacha ya mteja mwingine. Ukifika kaunta, iulizie tena. Bodi pasi usiitupe hadi uone maili zimeingia. Kila mpango una ukomo wa muda wa kudai zilizopotea, na bila bodi pasi na namba ya tiketi madai yako ni hadithi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui mali inayolingana na msemo huo kuliko maili.

Jua pia tarehe yako. Mipango mingine huhesabu Januari hadi Desemba, mingine inahesabu miezi 12 tangu ulipojiunga au ulipopanda ngazi. Mwenye Flying Blue aliyefika fedha Mei ana mwaka wake wa Mei, na safari ya mwezi mmoja kabla ya tarehe hiyo inaweza kumwokoa au kumpotea kulingana na alichokwisha kusanya. Umepungukiwa XP 10 na zimebaki wiki tatu? Safari ya Dar hadi Nairobi na kurudi Jumamosi moja inakuweka fedha kwa mwaka mwingine, na kama kuna harusi au mteja wa kumwona huko, hujapoteza kitu. Umepungukiwa 60? Achana nayo. Kununua tiketi ili kutunza kadi ni biashara inayomfaa muuza tiketi.

Na ukiwa tayari una ngazi kwa shirika moja lakini kazi imehamia njia ya lingine, omba wakulinganishie hadhi. Mashirika kadhaa yanafanya hivyo kuwavuta wateja wa wapinzani: unatuma picha ya kadi na taarifa ya safari zako, nao wanakupa ngazi inayofanana kwa miezi michache, wakati mwingine kwa sharti la kuruka safari kadhaa ndani ya muda huo. Kwa kawaida nafasi hiyo huipati mara mbili. Kwa hiyo usiiombe mwezi ambao huna safari. Iombe ukiwa na tiketi mkononi.

Mwisho ni kwa wale ambao hesabu zao haziwapi hata fedha: safari mbili kwa mwaka, moja ya kikazi, moja ya kwenda kumwona dada Muscat. Msihangaike. Nunueni kilo za ziada mtandaoni siku chache kabla ya safari, maana karibu kila shirika huziuza kwa bei ya chini kuliko kaunta, na siku mnayotaka launji lipieni mlangoni. Kwa mtu wa safari mbili, hiyo ni rahisi kuliko kadi yoyote.